Nani Asemaye kwa Niaba ya Wafanyao Kazi? Kiembe Samaki, Bandari ya Unguja na Mapatano ya Nchi za Nordiki

Utangulizi

Msafiri anayefika Unguja kwa ndege hushukia Kiembe Samaki. Atokapo uwanjani na kushika njia ya mjini, hakuna kitu cha kumwambia kwamba ardhi aliyoikanyaga ilikuwa mashamba na malisho ya watu, wala kwamba mahali hapo palianza mojawapo ya migogoro mikubwa ya Zanzibar kabla ya uhuru. Wenyeji huuita Vita vya Ng'ombe. Ulifikia kilele chake tarehe 30 Julai 1951.

Katika makala hii tunakusudia kuutazama mgogoro huo pamoja na mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa 1948 uliotangulia, kisha kuilinganisha historia hiyo na ile ya vyama vya wafanyakazi katika nchi za Nordiki na Ulaya. Wengi wetu tuliopita katika vyuo vya theolojia tumefundishwa na walimu kutoka Uswidi, Norwei, Denmaki, Ufini na Ujerumani. Tumezoea kusikia jinsi mwajiri na mfanyakazi wa huko wanavyoketi meza moja, na mara nyingi tumedhani kwamba huo ni upole wa asili wa watu wale. Sivyo. Meza ile ilipatikana baada ya njaa, kufungiwa nje ya kazi, na hata risasi.

Hoja yetu ni kwamba malalamiko ya watu wafanyao kazi hayawezi kugeuka kuwa mapatano mpaka patimie mambo matatu. Kwanza, awepo mtu aliyechaguliwa na wenyewe ili ayaseme. Pili, awepo mbele yake mtu anayelazimika kuyasikiliza. Tatu, yule mwakilishi abaki kuwa wa wale waliomtuma. Zanzibar ya 1948 na 1951 ilikosa la pili. Miaka iliyofuata, Zanzibar na Tanzania Bara pia, ilikosa la tatu. Mwisho tutauliza kama Kanisa lenyewe, likiwa mwajiri, limeyatimiza yote matatu.

1. Kazi baada ya utumwa

Wanafunzi wetu wanaokwenda Unguja hupelekwa Mkunazini kuliona kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Ilipita karibu robo karne kabla ya sheria kukoma kuutambua, mwaka 1897, na suala la masuria liliachwa hadi 1909.

Walioachwa huru walikwenda wapi? Baadhi walibaki katika mashamba ya karafuu na minazi. Mwenye shamba aliwaruhusu kujenga kibanda na kupanda mihogo na mazao mengine chini ya miti yake, nao wakamsafishia shamba. Wengine waliingia mjini wakawa hamali, watu wa kubeba mizigo gatini na katika maghala. Kwao waliongezeka watu kutoka bara, waliovuka bahari kuja kuchuma karafuu na kufanya kazi za bandarini.

Jambo la kuangalia hapa ni namna ya uhusiano uliokuwapo. Mwenye kibanda katika shamba la mtu hakuwa na hati. Alikaa kwa hisani. Hisani ina wema wake, na hatupendi kusema kwamba wenye mashamba wote walikuwa wakatili. Lakini mtu anayeishi kwa hisani hana pa kukata rufaa hisani inapokwisha. Hamali naye aliitwa asubuhi meli ilipokuwapo, na ilipokosekana alirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo utumwa uliondoka, lakini desturi ya kumwamulia mfanyakazi mambo yake bila kumwuliza ilibaki.

2. Mgomo wa 1948

Baada ya Vita Kuu ya Pili bei za chakula na nguo zilipanda katika pwani yote ya Afrika Mashariki, na mishahara haikupanda nazo. Mji wa kwanza kulipuka ulikuwa Mombasa. Mwezi Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi bandarini, katika reli, katika mahoteli na hata katika nyumba za Wazungu. Walikutana kila siku katika uwanja wa mpira ambao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Walirudi kazini baada ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, kwenda kuzungumza nao na kuwahakikishia kwamba madai yao yangesikilizwa. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huohuo. Septemba 1947 mgomo ukaikumba Dar es Salaam.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Unguja. Mwezi Agosti 1948 wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar waligoma kwa sababu ya ugumu wa maisha. Wengi wao walikuwa watu wenye asili ya bara. Mgomo haukuishia gatini. Wafanyakazi wengine wa mjini walijiunga, hata ukawa mgomo wa jumla, na kazi hazikurudia hali yake mpaka Septemba.

Yafaa tukumbuke kwamba hapakuwa na chama cha wafanyakazi chenye mizizi cha kuusimamia mgomo ule. Wale watu walikuwa na umoja, walikuwa na sababu, na walikuwa na wasemaji wao. Walichokosa ni mlango wa kudumu: mahali ambapo madai yangepokelewa kabla ya kazi kusimama, na ambapo ahadi zingefuatiliwa baada ya kazi kuanza tena. Sheria ya kusajili vyama vya wafanyakazi ilikuwapo tangu miaka ya 1930, lakini mlango ulioandikwa katika sheria si sawa na mlango uliofunguliwa.

Tarehe 9 Julai 1948, majuma machache tu kabla ya hamali wa Unguja kuacha kazi, Shirika la Kazi Duniani lilikutana San Francisco na kupitisha Mkataba wa 87 kuhusu uhuru wa kujiunga katika vyama na ulinzi wa haki ya kuviunda. Hamali wa Unguja hawakuhitaji kuusoma mkataba huo ili wajue walichokosa. Na yatupasa kutaja kwa shukrani kwamba uchunguzi maalumu wa mgomo wao, uliofanywa na Anthony Clayton, ulichapishwa mwaka 1976 na taasisi ya nchi za Nordiki ya utafiti wa Afrika iliyoko Uppsala, Uswidi.

3. Kiembe Samaki, 1951

Kiembe Samaki kilikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji wadogo, kusini ya mji wa Zanzibar. Hawakuwa vibarua wa bandari, na mtu anaweza kuuliza kwa nini tunawaingiza katika makala juu ya uwakilishi wa wafanyakazi. Tunawaingiza kwa sababu swali lao lilikuwa lilelile. Waliishi kwa jasho lao, na maamuzi juu ya jasho hilo yalifanywa na watu wasiowauliza.

Kwanza ilichukuliwa ardhi. Serikali ilihitaji nafasi kwa ajili ya uwanja wa ndege, na baadhi ya wanakijiji walipoteza mashamba yao kwa fidia ambayo kwao haikutosha. Kisha likaja suala la ng'ombe. Serikali iliamuru mifugo ichanjwe dhidi ya kimeta, na wanakijiji wakakataa.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, maana ni rahisi kuisimulia habari hii vibaya kwa upande wowote. Kimeta ni ugonjwa wa kweli. Huua ng'ombe, na huweza kumwua mtu anayemchuna au kumla ng'ombe aliyekufa nao. Kwa upande wa utabibu, amri ya kuchanja haikuwa mbaya. Lakini mkono ulioleta sindano ndio uleule uliochukua shamba, na wala haukuja na mtu ambaye wanakijiji wangeweza kumwuliza maswali na kumwamini. Mkulima wa Kiembe Samaki hakutenganisha mambo hayo mawili. Kwake lilikuwa jambo moja: jana mmechukua ardhi, leo mnataka ng'ombe.

Waliokataa walifikishwa mahakamani, na siku ya 30 Julai 1951 wakahukumiwa kifungo. Umati mkubwa ulikuwa umekusanyika mjini. Watu walijaribu kuwaokoa wafungwa, wakaelekea hadi gerezani, na polisi wakafyatua risasi. Watu waliuawa.

Baada ya msiba huo wanakijiji wa Kiembe Samaki walifanya jambo linalostahili kukumbukwa kuliko ghasia zenyewe. Waliunda chama. Walikiita chama cha kitaifa cha raia wa Sultani, na kwa jina lake la Kiarabu kilijulikana kama Hizbul Watan. Watu waliokuwa wamesemewa na kila mtu, kuanzia bwana shamba hadi hakimu, sasa walitaka kusema wenyewe. Lakini kilifika mwaka 1955 wakaingia watu wa mjini, wenye elimu na uzoefu wa siasa, na chama kile kikawa Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu wa Visiwani walikijua kwa jina la Hizbu. Tangu hapo historia yake ni historia ya mashindano makubwa ya kisiasa. Mkulima wa Kiembe Samaki alibaki katika chama alichokianzisha, ila hakuwa tena ndiye aongozaye.

4. Meza ya nchi za Nordiki ilivyopatikana

Sasa na tugeukie upande wa kaskazini. Mwaka 1899 waajiri wa Denmaki waliwafungia nje ya kazi wafanyakazi wapatao 40,000, tangu mwezi Mei hadi Septemba. Nia ilikuwa kuvivunja vyama vyao. Havikuvunjika, na mwezi Septemba pande zote mbili zilitia sahihi mapatano ambayo Wadenmaki wameyahesabu kuwa katiba ya kazi. Waajiri walikubali kwamba wafanyakazi wana haki ya kuwa na chama. Wafanyakazi walikubali kwamba mwajiri ndiye aongozaye na kugawa kazi. Kila upande ulitoa kitu ambacho siku chache kabla yake uliapa kutokitoa.

Uswidi ilichelewa zaidi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, LO, liliundwa mwaka 1898, nalo shirikisho la waajiri likafuata mwaka 1902. Mwaka 1909 watu wapatao 300,000 waligoma na kushindwa, na shirikisho likapoteza karibu nusu ya wanachama wake. Kisha, tarehe 14 Mei 1931, katika bonde la Ådalen, askari wa jeshi waliwafyatulia risasi watu walioandamana kupinga kuletwa kwa wavunja mgomo. Watu watano walikufa, mmoja wao msichana aliyekuwa akitazama tu.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Ådalen 1931 na Unguja 1951 zinafanana sana: watu wenye manung'uniko, umati barabarani, amri, risasi, maziko. Tofauti iko katika yaliyofuata. Katika Uswidi wafanyakazi walikuwa tayari na vyama vyenye wanachama waliolipa ada, na waajiri walikuwa na chama chao. Kwa hiyo walikuwapo watu wa kukaa pamoja. Baada ya mazungumzo ya miaka zaidi ya miwili, tarehe 20 Desemba 1938, walitia sahihi mapatano huko Saltsjöbaden, karibu na Stockholm. Mapatano hayo yaliweka utaratibu wa kujadiliana kabla ya kugoma, taratibu za kuachishwa kazi, na mipaka ya migomo inayoumiza watu wasiohusika. Serikali haikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Norwei ilikuwa imekwisha kufanya mapatano makuu ya namna hiyo mwaka 1935. Ufini, iliyogawanyika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918, iliona waajiri wake wakivitambua vyama mwezi Januari 1940, nchi ikiwa vitani.

Hata leo katika Uswidi na Denmaki hakuna sheria ya bunge inayoweka kima cha chini cha mshahara kwa wote. Mishahara huwekwa na mikataba ya hali bora inayojadiliwa na vyama. Ndiyo maana kampuni ya Tesla ilipokataa kutia sahihi mkataba wa namna hiyo na chama cha mafundi wa Uswidi, na mafundi wakagoma mwezi Oktoba 2023, watu wa bandari walikataa kuyashusha magari yake melini. Hamali wa Unguja wa 1948 angewaelewa bila mkalimani.

Ujerumani ilichukua njia nyingine, ile ya sheria. Mwaka 1951, miezi michache tu kabla ya risasi za Unguja, bunge la Ujerumani ya Magharibi lilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi wa migodi ya makaa na viwanda vya chuma nusu ya viti katika baraza linalosimamia kampuni, pamoja na mjumbe mmoja asiye wa upande wowote. Sheria hiyo ilitokana na tishio la mgomo na mazungumzo kati ya Chansela Konrad Adenauer na Hans Böckler, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Makanisa hayakunyamaza. Wakatoliki walilisema jambo hilo huko Bochum mwaka 1949, na Baraza la Kanisa la Kiinjili nchini Ujerumani likatamka huko Essen mwezi Agosti 1950 kwamba haki ya kuamua pamoja ina nafasi yake katika heshima ya mtu afanyaye kazi.

Hatusemi kwamba Ulaya ilifika peponi. Vyama vya huko navyo vimekuwa na urafiki wa karibu na vyama vya siasa, hasa LO na chama cha Demokrasia ya Kijamii cha Uswidi. Lakini mshahara wa kiongozi wa chama cha wafanyakazi ulitoka katika ada za wanachama, na wanachama wale waliweza kumwondoa. Hilo ndilo sharti la tatu tulilolitaja mwanzoni.

5. Mwakilishi anapobadili bwana

Turudi nyumbani. Katika miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi vilienea Zanzibar, lakini viligawanyika kwa mstari uleule wa siasa. Shirikisho la Wafanyakazi wa Zanzibar na Pemba, ambalo Hassan Nassor Moyo alikuwa kiongozi wake, lilielekea upande wa Afro-Shirazi Party. Shirikisho la vyama vilivyojiita vya kimaendeleo lilielekea kwanza kwa Hizbu, kisha kwa Umma Party ya Abdulrahman Babu mwaka 1963. Baada ya uchaguzi wa 1957 wakulima wasio na ardhi walifukuzwa katika mashamba kwa sababu ya kura zao. Hisani ilikuwa imekwisha, na hapakuwa na pa kukata rufaa. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68. Hamali wawili waliobeba gunia moja waliweza kuwa katika mashirikisho mawili yasiyosemezana.

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yalifanywa kwa jina la wakulima na wafanyakazi. Mashirikisho yaliunganishwa, na haukupita muda mrefu kazi zake zikachukuliwa na chama tawala. Hoja ilikuwa kwamba wafanyakazi sasa ndio wenye dola. Je, watagoma dhidi ya nafsi zao?

Upande wa Bara hoja ilikuwa hiyohiyo. Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Lilisaidia sana kuleta uhuru. Lakini sheria za 1962 zilibana haki ya kugoma. Mwezi Januari 1963 Victor Mkello, rais wa TFL, alipelekwa kuishi Sumbawanga kwa amri ya serikali. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, na mahali pake ikawekwa NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa Waziri wa Kazi. Mtu mmoja alikaa pande zote mbili za meza.

Haki inatutaka tuseme pia mema ya zama hizo. Sheria ya 1964 ya usalama wa ajira iliwakinga wengi wasifukuzwe ovyo, na iliunda kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliunda mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, miaka sita kabla ya bunge la Uswidi kupitisha sheria yake ya kuamua pamoja. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukakemea ubwana wa viongozi. Wafanyakazi wa Dar es Salaam waliyachukua maneno hayo kwa uzito wake. Kati ya 1971 na 1973 waligoma, wakawafungia nje mameneja, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakichukua kiwanda wenyewe. Hapo walizuiwa. Neno walilopewa kutoka juu lilikuwa zuri, lakini aliyelitoa ndiye aliyebaki na uwezo wa kulirudisha.

Mwaka 1978, baada ya kuundwa kwa Chama cha Mapinduzi, JUWATA ikawa jumuiya ya wafanyakazi ya Bara na Visiwani chini ya Chama. Mwaka 1991 ilikuja OTTU, iliyotenganishwa na Chama kisheria. Mwaka 2000 Tanzania iliuridhia Mkataba wa 87, miaka 52 baada ya kupitishwa kwake. Shirikisho la TUCTA likaundwa Bara mwaka 2001. Zanzibar ilipata sheria yake ya vyama vya wafanyakazi mwaka 2001, kisha sheria za ajira na uhusiano kazini mwaka 2005, na shirikisho lake la ZATUC. Mlango sasa umo katika sheria. Lakini kijana anayetandika vitanda katika hoteli ya ufukweni kwa mkataba wa msimu mmoja bado anaujua woga wa hamali: akisema, kesho asubuhi hataitwa.

6. Swali linalolihusu Kanisa

Sisi wa mapokeo ya Kilutheri hatuwezi kuisoma habari ya Kiembe Samaki bila kukumbuka mwaka 1525. Wakulima wa Ujerumani ya Kusini walikutana Memmingen, wakaandika madai yao katika Vipengele Kumi na Viwili. Waliomba kuchagua wachungaji wao, kupunguziwa mizigo ya kazi, na kurudishiwa misitu na malisho ya wote yaliyochukuliwa na mabwana. Luther aliyasoma. Jibu lake la kwanza, la Aprili, liliwaambia wakuu waziwazi kwamba makosa ni yao, na likawasihi wote wawili wapatane kwa mazungumzo. Lakini ghasia zilipoenea akaandika tena kwa ukali mwingi dhidi ya wakulima, na mwezi Mei maelfu yao waliuawa Frankenhausen.

Tumezoea kulijadili jambo hili darasani chini ya kichwa cha falme mbili. Tunapendekeza lisomwe pia kama habari ya meza iliyokosekana. Wakulima walikuwa na vipengele vilivyoandikwa vizuri. Walikosa mtu wa upande wa pili aliyelazimika kuvijibu. Mhubiri aliyewasikia mwezi Aprili hakuwa na nguvu ya kuwaketisha wakuu, na mwezi Mei hakutaka tena kusikia.

Kosa hilo si la karne ya 16 peke yake. Katika nchi za Nordiki Kanisa la dola lilionekana na wafanyakazi wengi wa mwanzo kuwa Kanisa la mabwana, na baadhi yao waliliacha kimya kimya. Na katika Ujerumani, ambako Kanisa lilisifu haki ya kuamua pamoja mwaka 1950, sheria ya mabaraza ya wafanyakazi ya 1952 iliyaacha makanisa na taasisi zake nje; yakaunda utaratibu wao wa ndani. Wapo wanaoutetea utaratibu huo kwa hoja nzito za uhuru wa Kanisa. Hata hivyo mwanafunzi wa historia hawezi kukosa kuuliza kwa nini dawa tuliyomwandikia jirani hatukuinywa sisi.

Swali hilo linatufuata hadi hapa. Kanisa katika nchi yetu ni mwajiri mkubwa. Lina wauguzi, walimu, madereva, wapishi, walinzi wa usiku, watunza bustani na wainjilisti. Twawaita watumishi, na neno ni zuri. Lakini mtumishi ambaye mshahara wake umechelewa miezi mitatu humwambia nani? Akimwambia mkuu wake, mkuu huyo ndiye pia mchungaji wake, na pengine ndiye mwenyekiti wa kikao kitakachosikiliza shauri lake. Mtu mmoja, pande zote mbili za meza. Tulilishangaa jambo hili tulipolisoma katika habari za 1964. Twaogopa kwamba katika baadhi ya taasisi zetu limekuwa desturi, na tunalifunika kwa neno wito. Yakobo katika waraka wake hakuuliza kama wavunaji walionyimwa ujira walikuwa na wito. Alisema kilio chao kimefika.

Hitimisho

Tumeona kwamba nchi za Nordiki hazikuanza na amani. Zilianza na Ådalen, kama Zanzibar ilivyopata 30 Julai 1951. Kilichozitofautisha ni kuwapo kwa wawakilishi waliolipwa na kuchaguliwa na wanachama, na waajiri waliolazimika kukaa nao. Aidha tumeona kwamba wanakijiji wa Kiembe Samaki walielewa hitaji hilo mapema, wakaunda chama chao, kikachukuliwa. Na kwamba hamali wa bandari na wafanyakazi wa viwanda nao walipata vyama, navyo vikachukuliwa, mara nyingi na watu waliosema kwa unyofu kwamba wanawapenda.

Hatulipendekezei Kanisa kuongoza migomo. Tunapendekeza jambo dogo lililo katika uwezo wa kila dayosisi na kila chuo: watumishi wachague wenyewe msemaji wao, msemaji huyo alindwe asifukuzwe kwa sababu ya kusema, na awepo mtu asiye mkuu wake wa kazi anayelazimika kumjibu kwa maandishi na kwa siku iliyotajwa. Tukifanya hivyo tutaweza kwenda Kiembe Samaki, au katika hoteli za ufukweni, tukasema neno juu ya haki ya wafanyao kazi bila kuulizwa kwanza habari za mlinzi wa lango letu.